Kwaya ya Gari Lisilotoka Uani

Mwaka ule tulikula mihogo. Mihogo ya kuchemsha asubuhi, mihogo ya kuchoma mchana, na jioni tuliisaga tukasonga kitu cheupe chenye kunata, tukakiita ugali kwa heshima tu. Unga wa mahindi ulikuwepo dukani, umekaa juu ya rafu kama bibi harusi, unatazamwa lakini hauguswi. Ukimwuliza mtu wa kwetu mlimani ni mwaka gani mawakala walianza kuja kutafuta wanawake wa kwenda Saudia, hatakutajia tarakimu. Atakwambia: mwaka wa mihogo.

Mimi niliondoka mwaka huo. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo wakala aliposema kazi ya kule ni kupika, kufua na kulea, nikamwambia hayo ndiyo niliyosomea, nina digrii. Akacheka, akaniandika.

Nilipelekwa Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu mpaka jua lilichelewa kuingia uani. Walikuwa watu watatu. Baba, mhandisi wa mitambo, mpole, mtu wa kutoka asubuhi na kurudi magharibi. Madam, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye macho ya mtu aliyesahau jambo na anajaribu kulikumbuka. Na kabinti kao ka miaka mitano, kenye maswali mengi kuliko polisi. Madam aliniita Kenya. "Kenya, njoo! Kenya, chumvi iko wapi?" Kama vile nchi nzima ilikuwa imekuja kumpigia deki. Nilimwachia. Si kila mtu anaitwa jina la nchi.

Sasa, lile gari. Uani, chini ya kibanda cha mabati, lilikaa gari la zamani la Baba. Dereva aliendesha jipya, la zamani likabaki pale linakusanya vumbi na maua ya rangi ya waridi ya mti uliotambaa ukutani, yale mepesi kama karatasi. Kila siku alasiri, mtoto akilala na dereva akiwa ametoka, madam alichukua ufunguo, akaingia mle ndani, akakaa upande wa usukani, akawasha injini ili kiyoyozi kifanye kazi, na akafunga vioo. Wakati huo wanawake wa kule hawakuruhusiwa kuendesha. Alikaa tu, mikono juu ya usukani, na gari linanguruma palepale.

Mimi nikiwa naanika nguo nilidhani amegombana na mumewe. Baadaye nikasikia ngoma. Zilitoka kwenye gari kama moyo wa mtu unavyosikika ukiweka sikio mgongoni mwake.

Siku moja alifungua mlango wa pili. "Kenya. Ingia. Joto."

Nikaingia na vibanio vya nguo mkononi. Akasema, "Funga mlango." Nikafunga.

Nyumbani kwao muziki haukupigwa. Mama yake Baba, ambaye sote tulimwita Mama Kubwa, aliukataza. Alikaa Riyadh, mbali kabisa, lakini amri yake ilikaa Jeddah. Basi madam alikuwa na CD zake kwenye kisanduku chini ya kiti, zile alizorudi nazo kutoka Japani. Baba alisomea huko, na madam alikwenda naye wakiwa wamefunga ndoa majuzi tu. Miaka minne. Kule, aliniambia, alikuwa na baiskeli ya kijani. Alilisema hilo la baiskeli kama mtu mwingine anavyosema alikuwa na shamba la ekari mia.

Nyimbo zenyewe zilikuwa za bendi za Kijapani, za magitaa na ngoma. Si mpya hata kwa huko. Zilivuma miaka ya tisini, na madam alipofika zilikuwa zimeshazeeka. Vijana waliozipenda walikuwa watu wazima wenye vitambi, lakini ukipanda treni ungemkuta mmoja wao amefumba macho anaimba puani bila kujua. Alinionyesha picha kwenye makasha. Vijana wanne, wembamba kama kuni za kuwashia moto, nywele zimesimama kama kuku aliyenyeshewa, mmoja kazipaka rangi ya ndevu za mahindi.

"Mama zao wako wapi?" nikauliza.

Madam alicheka mpaka akagonga honi kwa kifua, tukashtuka wote wawili.

Mawasiliano yetu yalikuwa ya kuokoteza. Kiarabu changu cha jikoni, Kiingereza chake cha kuvunjavunja, na mikono. Lakini nyimbo hazikuhitaji mkalimani. Kulikuwa na mmoja wa kukimbia, magitaa yanapiga kelele kama watoto waliofunguliwa darasa. Huo tuliupenda siku za kupiga pasi. Kulikuwa na mwingine ambao mwimbaji wake alikuwa kama amelewa mapenzi na mafua kwa pamoja. Bendi ya huyo ilivunjika, madam alisema, na uso wake ukaanguka kabisa, kama anayenipa habari ya msiba. Nikamwambia kwaya zote huvunjika hivyo, wanagombania nani asimame mbele.

Lakini ulionikamata mimi ulikuwa wimbo wa polepole. Ulianza na gitaa moja, linadondoka kama maji ya paa baada ya mvua kuisha. Kisha mwanamume anaanza kuimba kwa sauti ya mtu anayeongea na ukuta. Ngoma haziingii. Unazingoja, haziingii. Halafu zinaingia zote kwa mpigo, na yule mwanamume anapanda, anapanda, unaogopa sauti itakatika, na haikatiki. Nje ya kioo maua yalikuwa yanaanguka polepole juu ya boneti. Sikuwa Jeddah. Sikuwa nyumbani vilevile. Nilikuwa mahali pa tatu ambapo hapana jina, pana ubaridi kidogo, na hakuna anayeniita.

Mimi ni mtu wa kwaya. Nimesimama safu ya alto, ile sauti ya pili, tangu sijaolewa. Kanisani kwetu tulifundishwa kwa do-re-mi, mwalimu anaandika ubaoni, na mpaka leo nasoma do-re-mi upesi kuliko gazeti. Mtu wa alto ana ugonjwa wake: akisikia sauti ya kwanza inatembea peke yake barabarani, lazima atoke aisindikize. Basi siku moja kinywa changu kilifunguka chenyewe. Nikaingia chini ya yule Mjapani, polepole, "mm" na "oo" tu, nikamshika mkono. Madam hakugeuka. Lakini niliona vidole vyake vimetulia juu ya usukani.

Na mimi, bila kuuliza mtu, nilikuwa nimeshaamua kwamba huyu kijana anaomba. Niliona haiwezekani mtu alie namna hiyo mbele ya msichana. Kule kwetu wimbo mzito wa namna ile haufungwi bila Amina, ile ndefu, inashuka ngazi mbili. Kwa hiyo gitaa la mwisho lilipofifia, nikaifunga kazi inavyofungwa.

"Aaa-miii-na."

Madam akaniangalia kwa macho makubwa. "Kenya, kwa nini Amin?"

"Si ameshamaliza kuomba?"

Alicheka akajifuta machozi kwa mtandio. Akanieleza: kijana anamwambia msichana kwamba treni imeondoka naye, lakini yeye atabaki kwenye stesheni amngoje, hata kama treni hiyo hairudi.

"Huyo ni mjinga," nikasema. "Lakini Mungu amempa sauti."

Tangu siku hiyo wimbo ule haukuisha bila Amina. Nikijisahau, yeye mwenyewe ananigusa goti: "Kenya, Amin." Nilimfundisha sauti ya kwanza vizuri, avute pumzi tumboni na si mabegani, asikimbize mwisho wa mstari kama mtu anayefukuzwa. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini safi. Hata kabinti kakaanza kuamka mapema, kakaja kukaa kiti cha nyuma, miguu haifiki chini, na kazi yake ikawa kuimba Amina.

Madam alikuwa akiniuliza, "Twende wapi leo?" na huku anageuza usukani kidogo, sentimita tu.

"Twende kwetu."

"Tumefika?"

"Bado. Kuna kona nyingi. Punguza mwendo, hapa pana ng'ombe."

Naye alipunguza mwendo.

Kuhusu ule mlango, kwa nini lazima ufungwe, alinieleza siku nyingine. Japani kuna nyumba za vyumba vidogo vidogo vya kuimbia. Mnaingia wewe na rafiki zako, mnafunga mlango, mnachagua nyimbo za zamani, kila mtu anaimba zamu yake. Wageni hawaingii.

"Na anayeimba vibaya?"

"Ndiyo sababu ya mlango."

Nikaona wana akili.

Mwaka wangu wa pili ulipoelekea ukingoni, binti yangu mkubwa alipiga simu kutoka nyumbani: ana mimba. Kwetu mtoto wa kwanza wa binti hupokewa na mama wa binti. Wewe ndiye unayemwogesha mara ya kwanza, wewe ndiye unayempikia mzazi uji, na wimbo wa kwanza sikioni mwa mtoto unatoka kinywani mwako. Nilimwambia binti yangu, nitakuwepo. Niliposema hivyo nilikuwa na hakika, mkataba ulikuwa unaisha. Na wimbo nilikuwa nimeshauchagua. Ule wa polepole. Niliutilia maneno yangu, ya kwetu, ya kumkaribisha mtoto, nikayashona juu ya sauti ya yule kijana wa stesheni.

Lakini kule hutoki kwa sababu mkataba umeisha. Unatoka kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, akikutolea karatasi ya kutoka, na kafili wangu alikuwa Baba. Nilimwomba. Baba akajikuna ndevu. "Inshallah. Ngoja tumwulize Mama."

Baba alimwuliza Mama Kubwa kila kitu. Hata rangi ya pazia.

Tukaenda Riyadh kwa likizo ya shule. Hewa ya huko kavu, midomo inapasuka ukitabasamu. Nyumba ya Mama Kubwa ilikuwa Al-Sulimaniyah, nyuma ya barabara ya maduka, na alasiri wanawake walijaa sebuleni: dada zake, majirani, wakwe. Mama Kubwa alikaa katikati, mdogo wa mwili, mgongo umenyooka kama mlingoti. Mimi nilizunguka na birika la kahawa. Habari ya safari yangu ilikuwa imeshamfikia. Niliona anavyonipima kila nikiinama kumjazia kikombe. Mimba ya binti yangu ilikuwa mwezi wa nane.

Kabinti kalikuwa kanacheza na tende mezani, kanazipanga kama treni. Na kwa kuwa kalikuwa kanacheza treni, kakaanza kuimba. Taratibu, kwa Kijapani chake cha kiti cha nyuma. Sikujua nicheke au nijifiche. Kakaenda mpaka mwisho, kakainua kidevu, na kakaweka: "Aaa-miii-na."

Wanawake walikufa kwa kicheko.

"Nani amekufundisha, roho yangu?" akauliza Mama Kubwa.

"Kenya na Mama! Garini. Tunafunga vioo."

Kicheko kikaisha kimoja kimoja. Nilimwona madam. Uso ulikuwa umempauka. Mama Kubwa hakuwahi kuipenda ile miaka ya Japani. Alisema ilimrudisha mkwe wake na kichwa kilichojaa upepo.

"Kumbe," akasema Mama Kubwa. "Nimekataza muziki nyumbani, mmeupeleka uani. Kenya! Weka birika chini. Yalla, imba. Tumwone Mjapani mweusi."

Wale wengine wakacheka tena, wakajiweka sawa kwenye mito, mmoja akatoa simu.

"Imba," akasema, sasa kwa sauti laini, "na kesho namwambia mwanangu akutolee karatasi yako. Binti yako anakungoja, sivyo? Wimbo mmoja tu."

Nataka niwe mkweli hapa. Kuimba si kazi ngumu. Nimeimba mazikoni, nimeimba mbele ya askofu, nimeimba nikiwa na uchungu wa kuzaa. Ningefungua kinywa, dakika nne, na ningekuwa kwenye ndege. Niliona beseni. Niliona maji ya uvuguvugu na kichwa cha mtoto kwenye kiganja changu. Halafu nikamtazama madam amekaa pale na mikono mapajani, mikono ileile, sasa haina usukani wa kushika, nikajua kwamba nikiimba, wale wanawake hawatanicheka mimi. Wataicheka baiskeli yake ya kijani. Na mjukuu wangu wa mlimani atapewa wimbo uliokwisha kutemewa kokwa za tende.

Nikaweka birika chini kama nilivyoambiwa. Nikasema:

"Wimbo huu si wa wageni. Siimbi."

Nililisema kwa Kiarabu changu kibovu, likatoka limenyooka.

Mama Kubwa hakupandisha sauti. "Mafi wimbo, mafi safari," akasema. Hakuna wimbo, hakuna safari. "Halas."

"Halas," nikasema.

Ndipo madam akasema, "Mama, wimbo ni wangu. Ukitaka kuusikia, niulize mimi." Na bila kungoja kuulizwa, akaimba. Akiwa amekaa palepale, macho kwenye zulia, pumzi ikitoka tumboni kama nilivyomfundisha. Sauti ya kwanza peke yake. Alipopanda pale juu panapotisha, hakukatika. Na kila mahali ambapo alto huingia, alisubiri kidogo, akaacha nafasi, kama mtu anayeshikilia mlango wazi. Sikuingia. Nilikuwa nimeshasema siimbi. Nilisimama na alto yangu imejaa kifuani mpaka mbavu zikauma, na wale wanawake walisikia wimbo wenye tundu bila kujua ni tundu. Alipomaliza hakuweka Amina. Hiyo alitutunzia sisi wa garini.

Yule mwenye simu alikuwa ameishusha mapajani. Mama Kubwa alinyoosha kikombe nimjazie. "Wimbo wa huzuni," akasema. Basi.

Mnadhani baada ya hapo alilainika. Hapana. Mama Kubwa alikuwa mtu wa neno lake kama mimi nilivyokuwa wa langu, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Karatasi haikutoka. Madam alimsumbua Baba mchana na jioni, Baba akajikuna ndevu, na mwezi wa tisa wa mimba ya binti yangu ulinikuta Jeddah, napepeta mchele.

Simu ililia alasiri. Dada yangu: "Umepata mjukuu. Msichana. Mzima, na amekasirika kama wewe."

Nilikaa chini pale jikoni. Sikulia, nilikaa tu. Madam aliingia, akanitazama, akatazama simu. Akachukua ufunguo. "Kenya. Njoo. Na simu uje nayo."

Tukaingia garini. Akafunga mlango wake, nami nikafunga wangu, kabinti kakafunga wa nyuma. Hakuwasha CD. Nikapiga simu nyumbani, nikamwambia binti yangu, "Mwekee sikioni." Nikasikia pumzi, pumzi ndogo kama ya paka, kutoka kule mlimani. Madam akaanza sauti ya kwanza kwa Kijapani, na safari hii nikaingia chini yake na maneno yangu ya kwetu, karibu mtoto, karibu, barabara ina kona lakini umefika. Magitaa hayakuwepo, tuliyasikia hivyohivyo. Maua yalikuwa yamefunika kioo chote cha mbele, hatukuona ukuta. Kule nyuma kabinti kakavuta pumzi, na tukafunga pamoja, watu watatu, Amina inayoshuka ngazi mbili. Upande wa pili mtoto akapiga chafya.

Karatasi yangu ilitoka baadaye, Mama Kubwa alipochoka kushinda. Nilifika nyumbani mjukuu wangu ameshajua kucheka. Nilimwogesha hivyohivyo, maji ya uvuguvugu, kama vile ni mara ya kwanza, na nilipoanza ule wimbo aliacha kupiga maji akanikodolea macho. Aliujua. Mtu yeyote asiniambie hakuujua.

Miaka ikapita. Siku moja redio ikasema wanawake wa kule sasa wanaendesha magari. Nilikuwa namenya mihogo, nikaacha kisu. Nikaliona lile gari linarudi nyuma polepole kutoka kwenye kibanda, maua yanapeperuka juu ya paa, geti linafunguka, na magitaa ya Kijapani yanatoka dirishani. Twende wapi leo? Popote, madam. Kata kona.

Mjukuu wangu sasa ni msichana mrefu, wa alto kama mimi, na ana simu yenye kioo kikubwa. Jumamosi iliyopita alikuja na wenzake, wakanipangia kiti kwenye mwanga, wakanivisha kitenge kipya.

"Nyanya, imba ule wa Kijapani. Tutakurekodi, tuuweke, watu wote wauone. Utakuwa maarufu!"

"Funga mlango, weka simu kabatini, waambie wenzako wakachume mboga, nitakuimbia mpaka uchoke."

"Lakini si uliniimbia kwenye simu mimi mwenyewe?"

"Ile simu ilikuwa na sikio moja upande wa pili. Hii yako ina dunia."

"Nyanya, wimbo mmoja tu," akasema, kwa sauti laini, na akainua simu.

Nikanyoosha mgongo kwenye kile kiti chao. Nikamtazama yeye, si kioo.

"Wimbo huu si wa wageni. Siimbi."